Kamera ya chini ya maji: anza na kasha, kamera ifuate

KILA msimu wa wageni unapokaribia, vijana wanaofanya kazi katika kampuni za uzamiaji za Nungwi, Kendwa, Matemwe na Mji Mkongwe huuliza swali moja: ninunue kamera gani ya kupigia picha chini ya maji? Safu hii inaona kwamba swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Kwa mwenye mtaji mdogo, kamera ndiyo ya mwisho kuchaguliwa. Cha kwanza ni kasha la kuzuia maji, ambalo wapiga mbizi huliita hausingi, na cha pili ni taa.

Tunasema hivyo kwa sababu wengi wa vijana hao hawanunui kwa fedha za akiba. Wanakopa kwenye vikundi, au kwa ndugu, na kurejesha kila mwezi. Kifaa kikilala kabatini mkopo haulali. Kwa hiyo jambo hili ni la ukurasa wa biashara kabla halijawa la mafundi wa picha.

SOKO LIPO

Wateja si wa kubahatisha. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, wakati mwaka 2019, kabla ya janga la korona, walikuwa zaidi kidogo ya 500,000. Sehemu yao huingia baharini, na aliyeingia baharini hutaka ushahidi wa kuwaonyesha jamaa zake nyumbani.

Kuuza picha si kazi ngeni kwetu. Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na jina lake linajulikana hadi leo. Tofauti ni kwamba mpiga picha wa zamani alinunua kamera moja na kuila faida yake miaka mingi. Wa leo ananunua kamera ambayo kiwanda kitaiacha baada ya miaka michache. Tutarudi kwenye hatari hiyo, kwa sababu ndiyo inayowamaliza wengi.

Kuna jambo lingine la kulitambua mapema. Mgeni wa leo huja na simu ndani ya mfuko wa plastiki, au na kamera ndogo ya GoPro, ambayo tangu mwaka 2016 inazama hadi mita 10 bila kasha. Anayekwenda kuogelea juu juu na kuangalia samaki anaweza kujipiga mwenyewe. Huwezi kumuuzia kile alicho nacho. Unachoweza kumuuzia ni picha ambayo kifaa chake hakiwezi kuipiga.

KWA NINI TAA

Maji hula rangi. Nyekundu ndiyo inayotoweka kwanza, ndani ya mita chache za mwanzo, kisha hufuata rangi ya machungwa na ya manjano. Ukifika mita 15 chewa mwekundu anaonekana wa kijivu, na picha nzima inakuwa ya buluu. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoweza kurudisha rangi ambayo haikuifikia lenzi. Kinachoirudisha ni mwanga unaoshuka nao mwenyewe, yaani flashi au taa ya chini ya maji.

Aidha, maji hukuza. Vitu hukaribia kwa robo na kuonekana vikubwa kwa theluthi, hivyo kioo bapa cha kasha hupunguza upana wa lenzi. Ndiyo maana wapigaji wa mandhari huweka dirisha lenye umbo la kuba, linaloirudishia lenzi upana wake.

Kwa maneno mengine, anayetumia fedha zake zote kwenye kamera nzuri na kuishuka nayo bila taa, anarudi na picha za buluu kama za mgeni mwenye simu.

NGAZI TATU ZA BIDHAA

Ngazi ya kwanza ni kamera ndogo zilizojengwa kustahimili maji. Inayojulikana zaidi ni OM SYSTEM TG-7, iliyotoka mwaka 2023 kwa bei ya takriban dola 550 za Marekani. Yenyewe huvumilia mita 15. Msomaji aangalie hapo: mzamiaji wa cheti cha mwanzo huruhusiwa kufika mita 18, na mwenye cheti cha juu mita 30. Kwa hiyo hata kamera hii, kwa kazi ya kuongoza wageni, inahitaji kasha. Kasha lake la kiwandani hufika mita 45. Sifa yake kubwa ni kupiga vitu vidogo kwa karibu sana.

Ngazi ya pili ni kamera za mfukoni zenye kihisio kikubwa zaidi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Mfano ni Sony RX100, zilizoanza mwaka 2012. Eneo la kihisio chake ni karibu mara 4 ya kile cha TG-7. Hapa mnunuzi atazame lenzi: zile za urefu wa milimita 24 hadi 70 hukubali vizuri lenzi ya upana inayofungwa nje ya kasha ndani ya maji, wakati zile za kuvuta mbali zaidi husumbua kwa upana.

Ngazi ya tatu ni kamera ndogo za kubadili lenzi zisizo na kioo cha ndani, maarufu kama mirolesi. Zilianza sokoni mwaka 2008, pale Panasonic na Olympus walipoanzisha mfumo wao wa pamoja wa lenzi. Kihisio cha mfumo huo ni karibu mara 8 ya kile cha TG-7, na cha Sony a6000 ya mwaka 2014 ni karibu mara 13. Kukosa kioo kumepunguza mwili wa kamera, na mwili mdogo unahitaji kasha dogo, jepesi kubeba kwenye boti na la bei nafuu kuliko la kamera kubwa za kioo.

Kwa maoni yetu ngazi hii ya tatu ndiyo yenye biashara ya kudumu kwa Unguja, lakini kwa sharti moja.

FIMBO YA MBALI

Sharti lenyewe ni hili. Kasha hutengenezwa kwa ajili ya kamera ya aina moja tu. Vitufe vyake lazima vikutane na vitufe vya kamera hiyo, na kamera mpya ya kampuni ileile mara nyingi haiingii. Kasha zuri la alumini, kama la Nauticam wa Hong Kong, hustahimili mita 100 na mara nyingi huzidi bei ya kamera yenyewe. La Ikelite wa Marekani hufika mita 60. Ya plastiki ngumu kutoka China, kama SeaFrogs, hupimwa mita 40 na bei yake ni ya chini sana.

Sasa tazameni historia ya soko. Nikonos, kamera iliyotengenezwa na Nikon kuanzia mwaka 1963 bila kuhitaji kasha, ilisimamishwa mwaka 2001. Nikon 1 AW1 ilikuja mwaka 2013 kama mirolesi ya kwanza ya kubadili lenzi inayozama mita 15 yenyewe. Kufikia mwaka 2018 ukoo wake wote ulikuwa umefungwa. Olympus iliuza kitengo chake cha kamera, kikahamia kampuni nyingine mwanzoni mwa mwaka 2021. Canon nayo iliacha ukoo wa EOS M mwaka 2023.

Kila mlango ulipofungwa, yuko mtu mahali fulani aliyebaki na kasha la thamani lisilo na kamera ya kuingia ndani yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kasha ambalo kamera yake haipatikani tena Darajani, Kariakoo wala Dubai ni fimbo ya mbali.

Dawa yake ni rahisi na wafanyabiashara wa magari wanaijua. Usinunue toleo jipya kabisa. Nunua toleo la miaka michache nyuma, lililouzwa kwa wingi duniani, ambalo makasha yake yanapatikana mapya na yaliyotumika. Kisha nunua miili miwili ya kamera hiyohiyo, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Maji yakiingia, unapoteza kamera iliyotumika na si biashara nzima. Kasha linasafishwa, mwili wa pili unaingia, kesho unashuka tena.

UPANDE UPI WA KISIWA

Lenzi nayo ichaguliwe kwa kufuata mahali unapofanyia kazi. Kwenye miamba ya Mnemba maji kwa kawaida huwa maangavu, na wageni hutaka picha zao wenyewe pamoja na kasa na makundi ya samaki. Huko lenzi ya upana na dirisha la kuba ndizo zinazolipa. Kusi linapovuma na bahari ya mashariki kuchafuka, siku za kazi hupungua. Hilo liingie kwenye hesabu.

Kwa upande wa Mji Mkongwe, kwenye miamba ya Bawe, Murogo na Pange, maji mara nyingi huwa na chembe. Flashi ikiwa karibu na lenzi humulika chembe hizo na picha hujaa madoa meupe kama theluji. Flashi mbili zilizowekwa mbali kwa mikono mirefu hupunguza tatizo. Lakini mwenye busara atabadili bidhaa: atapiga mkunga, kamba na konokono wa rangi kwa lenzi ya karibu, ambapo maji kati ya lenzi na kiumbe ni machache.

Kwa Chumbe tusidanganyane. Hifadhi ile ya mwaka 1994 haipokei watalii wa kuzama na mitungi, wao huogelea juu tu. Aliyenunua kasha la mita 60 kwa soko la Chumbe amenunua jahazi la kuvukia kidimbwi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kwa dola, kwa kuwa bidhaa huagizwa kwa dola. Seti ya ngazi ya kwanza: kamera 550, kasha 300, flashi moja 350, betri na kadi 100. Jumla 1,300. Seti ya ngazi ya tatu: miili miwili iliyotumika pamoja na lenzi 900, kasha na dirisha 900, flashi mbili 800, mikono na vipuri 200. Jumla 2,800.

Ukiuza picha za mteja mmoja kwa dola 20, seti ndogo inarudisha fedha kwa wateja 65, na kubwa kwa wateja 140. Kwa wateja wanne kwa wiki, hizo ni wiki 17 kwa ndogo na wiki 35 kwa kubwa. Wiki 35 zinaweza kuangukia kwenye masika, kuanzia Machi hadi Mei, wakati wageni ni wachache na mkopo haujui mvua.

Lakini ukiweza kuuza kwa dola 35 kwa sababu picha zako zina rangi na upana ambao mgeni hana, seti kubwa hulipwa na wateja 80, yaani wiki 20. Huo ni takriban msimu mmoja, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kampuni ya uzamiaji ikidai nusu ya mapato, zidisha muda mara mbili.

Kwa hiyo uamuzi hautoki kwenye kamera, unatoka kwenye bei utakayoipata. Asiyekuwa bado na makubaliano na kampuni au hoteli yoyote aanze na seti ndogo. Akishapata mnunuzi wa uhakika, apande ngazi. Kuruka ngazi kwa mkopo ni kumfanyia kazi muuza kamera.

HATARI NA AKIBA

Kasha linazuia maji kwa mpira mwembamba wa oringi. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya mpira huo unatosha kuingiza maji, na kila mita 10 huongeza mgandamizo wa angahewa moja. Kasha jipya lishushwe tupu kwanza. Baada ya kazi liloweshwe kwenye ndoo ya maji baridi, kwani chumvi ikikauka hukwamisha vitufe. Pampu ndogo ya kunyonya hewa inayoonyesha kama kasha linavuja kabla hujaruka majini ni gharama isiyokatwa. Na katika kila mauzo, sehemu ya kumi iwekwe kando kwa ajili ya siku mbaya.

Mtaji mwingine ni mwamba wenyewe. Joto la bahari liliupausha sana mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Mpiga picha anayepiga magoti juu ya matumbawe ili apate picha ya dola 35 anakula mbegu ya mwakani.

Neno la mwisho ni kwa wenye maduka. Si lazima kushindana na Dubai kwa kuweka kamera kwenye kabati la kioo, zikae hadi zipitwe na wakati. Wekeni oringi, grisi yake, betri, vifuko vya kunyonya unyevu, mikono ya flashi na kadi za kumbukumbu kwa aina mbili au tatu za makasha yanayotumika kisiwani. Mtaji wake ni mdogo, na mpiga picha ambaye boti yake inaondoka saa mbili asubuhi hana nafasi ya kuagiza nje.