Nyumba nayo ichomwe bambo

MFANYABIASHARA wa mahindi anayefika soko la Kibaigwa hanunui gunia kwa kulitazama. Huchoma bambo juu, katikati na chini, akamwaga punje kiganjani, akanusa, akatafuna mbili tatu kusikia kama zimekauka. Mwenye mzigo hanuni, maana anajua kuwa hiyo ndiyo biashara.

Mtu huyo huyo, msimu ukimwendea vizuri, hununua nyumba ya Sh milioni 40 mjini baada ya kuzungushwa vyumbani na dalali kwa nusu saa. Akiba ya miaka kumi ya shamba na genge inaondoka mkononi bila mtu yeyote kuchoma bambo popote.

Jamaa yangu mmoja, mkulima wa mpunga, alinunua hivyo mwezi Agosti, wakati wa kiangazi. Nyumba ilikuwa imetoka kupakwa rangi. Alilipa fedha yote siku moja mbele ya mashahidi wanne, mhuri ukagongwa, soda zikanywewa. Masika ilipofika, maji yalipanda chini ya jamvi na ukuta wa nyuma ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini, ufa wa kuingiza kidole. Fundi alichimba pembeni akakuta msingi mfupi uliokaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kunywea kwa jua. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwa upole kabisa: nyumba uliiona, ukairidhia.

Kwa mkataba waliokuwa nao, alikuwa na hoja. Sheria ya Mikataba inampa nafuu mtu aliyedanganywa, lakini kukaa kimya tu kuhusu kasoro kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa udanganyifu, hasa pale ambapo mnunuzi angeweza kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Mhuri nao unaonyesha kuwa watu wawili wameuziana. Haumwambii mtu kama kuna nondo kwenye msingi.

Kinga ipo na haihitaji sheria mpya. Sheria hiyo hiyo ya Mikataba inatambua mkataba unaotegemea tukio, yaani ahadi isiyombana mtu mpaka jambo lililotajwa litokee. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kuandikiana kuwa mauzo yatakamilika iwapo tu ukaguzi utamridhisha mnunuzi, na usipomridhisha, mkataba unakufa na malipo ya awali yanarudi. Lazima iwe maandishi, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui mkataba wa kuuziana ardhi usiokuwa na maandishi. Maneno ya dalali kwamba "likitokea tatizo mtaongea" hayana kazi.

Sharti hilo linahitaji mambo machache yaliyo wazi: siku za ukaguzi, tuseme 14; nani atakagua; kasoro za aina gani zinamruhusu mnunuzi kujitoa; na fedha zitarudishwa ndani ya siku ngapi. Lakini ninalotaka msomaji alishike zaidi ni mahali fedha zilipo. Kama malipo ya awali ya Sh milioni 4 yamekwisha ingia mfukoni mwa muuzaji, naye amelipia ada ya shule na deni la duka, sharti lako ni zuri kwenye karatasi tu. Utashinda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kisha uanze kazi ya pili, ya kumtafuta mtu asiye na kitu. Fedha zikae kwa wakili wa pande zote mbili, kwa maandishi, na zisitoke mpaka siku 14 ziishe au mnunuzi asaini kuwa ameridhika.

Gharama yake si kubwa kama watu wanavyodhani. Fundi mzoefu au mhandisi akidai Sh 300,000 kwa nyumba ya Sh milioni 40, hiyo haifiki hata asilimia moja ya bei. Apande darini aangalie kenchi na mchwa, achimbe shimo moja pembeni mwa msingi, afungue mfuniko wa shimo la maji taka, atazame nyaya za umeme. Atafute pia alama za maji chini ya rangi mpya. Akikuta kazi ya Sh milioni 6, si lazima nyumba iachwe. Muuzaji anaweza kupunguza bei, au kutengeneza kwanza. Mwenye sharti ana njia tatu, wakati jamaa yangu alibaki na moja tu, nayo ilikuwa kukopa kwa ajili ya saruji.

Ukaguzi usiishie kwenye kuta. Siku hizo hizo mnunuzi afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona kama nyumba imewekwa rehani benki. Aulize kuhusu mke au mume, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za namna hii ni nyingi. Apime pia umbali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, na zipo barabara zenye hifadhi pana kuliko hiyo. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 pembeni mwa Barabara ya Morogoro wanajua maana yake. Kando ya mito na fukwe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Nyumba ya bondeni inaweza kuwa na ukuta imara na bado ikawa hasara, kama walivyoona wakazi wa Jangwani katika mafuriko ya Desemba 2011.

Wauzaji watalalamika kuwa sharti hili linawafungia mali bila faida. Wana haki kiasi, na ndiyo maana muda uwe mfupi na kasoro zitajwe, mnunuzi asipate mwanya wa kujitoa kwa sababu ameona nyumba nyingine. Muuzaji mwaminifu anaweza hata kumwita fundi mwenyewe kabla ya kutangaza bei. Anayekataa kabisa ukaguzi wa siku 14 tayari ametoa taarifa fulani kuhusu nyumba yake.

Nchini Marekani kipengele cha ukaguzi ni cha kawaida, lakini mwaka 2020 na 2021, wanunuzi walipogombania nyumba, wengi walikiacha ili wapendelewe na wauzaji. Jimbo la Massachusetts likaweka kanuni, zilizoanza kutumika Oktoba 2025, zinazomzuia muuzaji kumtaka mnunuzi aache ukaguzi ili akubaliwe. Huko tatizo ni haraka ya soko. Kwetu ni aibu: mtu anaogopa kuonekana hamwamini mwenzake, hasa wakiwa wametambulishwa na ndugu au wanasali pamoja. Kwenye mahindi aibu hiyo hatunayo.

Kwa hiyo halmashauri zichapishe fomu ya mkataba wa mauzo ya nyumba yenye sharti la ukaguzi ndani yake tayari, pamoja na nafasi ya kujaza siku, jina la mkaguzi na jina la anayeshika fedha. Asiyelitaka alikate kwa kalamu, pande zote zisaini pembeni. Fomu ikikuta sharti limeshaandikwa, mkulima hatalazimika kuwa yeye anayeliomba. Mavuno huanza kuingia sokoni Mei na Juni, na madalali wa nyumba wanaijua kalenda hiyo kuliko mabwana shamba. Fomu zifike ofisi za kata kabla ya hapo.