Mama Anayetoka Damu Apelekwe Kwanza, Aulizwe Baadaye

Msichana akitokwa na damu nyingi kijijini, watu hukusanyika mlangoni. Mmoja huuliza, "Mimba ilikuwa ya nani?" Mwingine huuliza, "Umekunywa nini?" Wazee huitwa. Shauri huanza. Damu nayo inaendelea kutoka.

Mimi nasema shauri hilo lingoje. Mgonjwa apelekwe zahanati kwanza.

Ndugu msomaji, mimba huharibika kwa njia nyingi. Nyingi huharibika zenyewe, bila mtu kufanya lolote. Nyingine hutolewa. Wako wanaotumia majivu, sabuni ya kufulia, majani machungu au kijiti cha muhogo. Vitu hivi ni sumu, au hutoboa mfuko wa uzazi. Siku hizi wako pia wanaotumia vidonge. Inafaa tujue vidonge hivyo vinafanya kazi gani, maana uvumi ni mwingi.

Dawa zenyewe ni mbili. Ya kwanza huitwa mifepristoni. Iliruhusiwa Ufaransa mwaka 1988. Mwili wa mama mjamzito una kichocheo kinachoitwa projesteroni, ambacho hushikilia mimba. Mifepristoni huzuia kichocheo hicho, na mimba hulegea. Ya pili ni misoprostoli, ambayo hutumiwa siku moja au mbili baadaye. Hii hufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kusukuma nje kilichomo. Mama huumwa tumbo na kutoka damu, kama mimba iliyoharibika yenyewe. Misoprostoli ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Wakunga huitumia pia kuzuia damu baada ya kujifungua, kwa sababu mfuko ukijikaza, damu hupungua. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi mbili katika orodha ya dawa muhimu.

Zikitumika mapema na kwa maelekezo ya mganga, mimba hutoka yote kwa zaidi ya wanawake 90 katika kila 100. Waliobaki huhitaji matibabu zaidi. Hatari huja pale mtu anaponunua kidonge kwa siri, asijue ni dawa gani, wala mimba yake ina miezi mingapi. Tena iko mimba inayotunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija. Vidonge hivi haviitoi mimba hiyo. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mama anaweza kufa huku nje ikionekana damu kidogo tu. Kwa hiyo msipime ugonjwa kwa damu mnayoiona peke yake.

Angalieni dalili hizi. Mama analowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa ya pili hali ni ileile. Anazimia au ana kizunguzungu. Tumbo linauma sana na halipoi, au maumivu yako upande mmoja. Uchafu unaotoka ukeni unanuka. Ana homa. Misoprostoli yenyewe huweza kuleta homa na kutetemeka siku ya kwanza. Homa ikipita siku moja, au ikianza baadaye, huenda vijidudu vimeingia. Dalili moja tu inatosha. Tafuteni usafiri, hata kama ni usiku.

Wengi hukaa nyumbani kwa kuogopa polisi. Ni kweli, sheria ya Tanzania inakataza kutoa mimba, isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Lakini kumtibu mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, kwa njia yoyote, si kosa. Hiyo ni kazi ya mganga. Mwenyekiti wa kitongoji anayemzuia mgonjwa ili kwanza apate maelezo anafanya jambo baya, nami sioni heshima yoyote katika kazi hiyo.

Huko zahanati mgonjwa amwambie muuguzi alichokunywa au alichoingiza. Amwambie muuguzi peke yake, si ukoo mzima. Kama kuna mabaki, yatatolewa kwa dawa au kwa kifaa cha kunyonya. Kama kuna vijidudu, atapewa dawa za kuviua. Kama amepungukiwa damu sana, atapelekwa hospitali kuongezewa. Ndiyo maana ndugu wawili au watatu wenye afya wafuatane naye. Huenda wakaombwa kuchangia damu. Mume naye aende, asibaki kilabuni akisema hayo ni mambo ya wanawake.

Jambo moja watu hawalijui. Mimba nyingine inaweza kuingia kabla wiki mbili hazijaisha, hata kabla mama hajaona siku zake. Akiwa bado pale zahanati, aulize habari za vidonge vya majira, sindano, kijiti au kitanzi. Anaweza kuanza njia anayoitaka kabla hajarudi nyumbani, kama muuguzi ameona hali yake inaruhusu.