Nungwe, si Nungwi

Jumamosi moja nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzangu: mchanga, mawe makubwa, maji mpaka macho yanapoishia. Chini yake nikaandika neno moja tu, "Nungwe". Jibu la kwanza likatoka kwa dada mmoja aliyezaliwa na kukulia Geita mjini: "Umekosea herufi, kaka. Ni Nungwi. Umeenda lini Zanzibar?"

Sikukosea. Nungwe iko kaskazini ya mji wa Geita, kilometa 20 hivi, kwenye ghuba ambako mgodi mkubwa wa dhahabu huvuta maji yake. Dada yule mwaka jana alikatwa mshahara miezi mitatu kulipa mkopo wa safari ya Nungwi ile nyingine, ya Unguja. Simcheki, maana alichoandika ndicho kinachoaminiwa na wengi kuanzia Kahama mpaka Katoro: bichi ni ya watu wa Pwani, na sisi wa Kanda ya Ziwa tukitaka kukaa mchangani sharti tupande ndege. Ni uongo, tena uongo wa gharama.

Nadhani umeanzia mdomoni. Neno "ufukwe" tunalo, ila kwetu pale nchi inapokutana na maji panaitwa mwalo. Mwaloni mitumbwi inafungwa, dagaa wanaanikwa, sangara wanapimwa, mvuvi na mchuuzi wanavutana bei. Mchimbaji mdogo naye akitoa mawe duarani na kuyasaga kwenye karasha, anayapeleka mwaloni, pale anapochenjulia dhahabu. Neno moja, kazi mbili, zote za kuvunja mgongo. Mtu aliyekua akiita ukingo wa maji kwa jina la kazi ataona aibu kwenda kukaa tu hapo, ale samaki wake, arudi nyumbani.

Mimi mwenyewe ni wa Shinyanga, kwa hiyo sina pa kujitapa. Utotoni ziwa kwetu lilikuwa habari ya redioni. Bomba la maji ya ziwa kutoka Ihelele lilizinduliwa mwaka 2009, na siku hizi Shinyanga na Kahama tunakunywa ziwa kila asubuhi. Ila ukiuliza kijiweni ni nani amewahi kukaa kando yake bila shughuli, watu wataangaliana.

Walionipeleka Nungwe ni wageni, na hapo ndipo pananiuma. Watatu, wote wanaishi ugenini kwa sababu ya dhahabu yetu: Mghana wa Tarkwa, Mkongo wa Bukavu na Mkenya wa Mombasa. Mghana anatoka mji wa dhahabu kama Geita, lakini kwao, anasema, Jumapili watu hushuka mpaka baharini upande wa Takoradi, na hakuna anayewauliza wamefuata nini. Mbukavu amekulia kando ya Ziwa Kivu. Mmombasa ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Mna maji yote haya," akasema, "na wikendi mnakaa baa mkitazama mpira?" Tukakodi Probox, tukanunua sato njiani, mkaa tukapakia nyuma.

Najua majibu yatakayokuja, niliyapata yote siku ileile kwenye kundi. La kwanza ni kichocho, na hilo silipuuzi: ugonjwa huu umetukalia kooni Usukuma kwa vizazi. Lakini konokono wanaoubeba wanapenda maji yaliyotulia, penye magugu na matete, na minyoo hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Ni mahali pale pale na saa ile ile ambapo mama zetu wanafulia nguo na watoto wanachota maji. Hao hatujawahi kuwaambia wakae mbali na ziwa. Hofu ya kichocho inatushika tu mtu akitaja kupumzika. Isitoshe, nani kasema bichi ni kuoga? Siku ile aliyeogelea ni Mbukavu peke yake, tena alisogezwa na mtumbwi mpaka maji ya kina, baada ya wavuvi kutuhakikishia upande ule hauna mamba. Sisi wengine tulikaa juu ya jiwe tukageuza sato.

La pili ni kuzama. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa huku nchi kavu wakiiona. Sisemi kujua kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kikipinduka kinamfunika hata fundi. Ila sijawahi kuona shule ya kando ya ziwa yenye kipindi cha kuogelea, na sioni tutakavyokuwa nacho maadamu tunaamini maji ni ya mvuvi na starehe ni ya Pwani.

Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, lakini nenda Dunga, Kisumu, siku ya mapumziko. Nenda Entebbe. Hata jirani zetu wa Mwanza wameshashtuka. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa zima, na sisi wa Geita tuna Chato, tuna Rubondo iliyo hifadhi ya taifa tangu 1977. (Rubondo kuna sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960. Sokwe walirudi kutoka Ulaya wakaridhika na Geita. Ni sisi tu bado tunasubiri nauli.)

Siku ile ya Nungwe, adhuhuri, alitujia mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Asubuhi tulimwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka mayu", na akaitika kwa furaha, lakini ilionekana alikuwa anatufikiria muda wote ule.

"Mmekuja kununua?"

"Hapana, mama. Tumekuja kukaa."

"Kukaa." Akamtazama Mghana aliyekuwa anamega ugali wa udaga. "Na mgodini wanawalipa kwa hili?"

Tulicheka mpaka Mmombasa akapaliwa. Tukamkaribisha mezani, yaani kwenye jiwe. Akala kipande, akasifu chumvi. Nikamwambia mwezi ujao tutarudi na watoto, tukae pale chini ya mkuyu, pana kivuli kizuri.

"Pale pameshachukuliwa," akasema.

Nikashuka kwenda kutazama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyuma ya mkuyu kulikuwa na bikoni mpya, saruji yake bado nyeupe. Nikasimama maji yanapogusa mchanga, nikaanza kuhesabu hatua kuielekea. Zilikuwa 31.