Anayetaka nyota begani ajifunze kwanza kuwasikiliza wenzake

Tangazo la nafasi za jeshi likishatoka, Butimba, hapa Mwanza, huamka mapema. Kabla hakujapambazuka, barabara ya kuelekea Nyegezi imejaa vijana wanaokimbia mchakamchaka, wengine wamebeba mgongoni mabegi yaliyojazwa mchanga. Jioni nawakuta juu ya mawe wakipiga pushapu, na wakipumzika wanaulizana maswali ya usaili. JWTZ ilianzishwa lini? Tarehe 1 Septemba 1964. Mkuu wa Majeshi wa kwanza alikuwa nani? Mrisho Sarakikya. Nani aliupeleka Mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru? Alexander Nyirenda. Wanajibu bila kusita, na juhudi hiyo naiheshimu.

Lakini nina wasiwasi, na naomba niuseme wazi. Vijana hawa, hasa wenye stashahada na shahada wanaotaka kuwa maafisa wanafunzi, wanajiandaa mmoja mmoja kwa kazi isiyofanywa na mtu mmoja. Pumzi wanazo, tarehe wanazijua. Wape mbao mbili na kamba wakiwa wanane, utasikia ugomvi.

Nimefundisha michezo katika shule za sekondari za hapa Mwanza mpaka nikastaafu. Vijana wa mtaa bado wananijia niwasimamie mazoezi, na kwa miaka ya karibuni wanaouliza habari za kazi za kikundi wameongezeka. Wanauliza kama wanaouliza majibu ya mtihani: “Mwalimu, niseme nini ili nionekane?” Swali lenyewe ndilo linaloonyesha tatizo lilipo.

Mpangilio wa usaili wa jeshi letu ni wa jeshi lenyewe, na si kazi ya raia kuuanika. Ninachozungumzia ni jaribio linalojulikana duniani kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, Uingereza iliona kwamba njia yake ya kuwapata maafisa, yaani mahojiano mafupi mbele ya meza, haifai. Wengi waliopitishwa walikuwa wakishindwa mafunzo, na watu walilalamika kwamba watoto wa shule za matajiri ndio wanaopendelewa. Zikaundwa bodi mpya za usaili, ya kwanza ikajaribiwa Edinburgh. Wasailiwa waliishi pamoja kwa siku kadhaa wakiwa wamevaa namba mkononi. Daktari wa magonjwa ya akili, Wilfred Bion, akabuni jaribio la kikundi kisicho na kiongozi: watu wanapewa kazi, hawaambiwi nani mkubwa, na wasaili wanasimama pembeni wakitazama na kuandika. India ilianza utaratibu kama huo mwaka 1943, na usaili wa maafisa wake mpaka leo huchukua siku tano. Waingereza nao wanauendeleza hadi sasa huko Westbury.

Alichokitafuta Bion kinaeleweka hata kwa mtoto. Kila msailiwa amekuja kujitafutia nafasi. Wakati huohuo, kazi iliyo mbele yake haiwezekani mpaka awasaidie wenzake, na wenzake ndio anaoshindana nao. Atafanyaje? Mahojiano ya dakika kumi hayawezi kulijibu swali hilo. Ubao mzito unalijibu.

Jumamosi moja niliwapanga vijana wanane kwenye uwanja ulio karibu na ufuo. Nilichora mistari miwili kwa majivu, tukakubaliana kwamba katikati ni mto, na hatua moja kabla ya ukingo wa ng’ambo kuna jiwe moja tu la kukanyaga. Vifaa vilikuwa mbao mbili za kujengea, kila moja fupi kuliko nafasi iliyopo kati ya ukingo wa huku na jiwe, kamba ya katani, na dumu la lita 20 lililojaa maji. Dumu hilo ndilo dawa za majeruhi walio ng’ambo. Anayegusa ardhi ya mtoni anakirudisha kikundi kizima mwanzo. Muda wao dakika 20.

Kijana mmoja mrefu, mwenye sauti, aliushika ubao kabla sijamaliza maelezo. “Nifuateni!” Wakamfuata, ubao ukaanguka mtoni, wakarudi. Akatoa amri nyingine, wenzake wawili nao wakatoa za kwao, na waliobaki hawakujua wamtii nani. Muda wote huo binti mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa mitumbwi, alikuwa amechuchumaa akiupima ubao kwa macho. Alisema mara ya kwanza, hakusikika. Mara ya pili akamgusa yule kijana begani: “Kaka, wewe ndiye mzito kuliko sisi wote. Kaa hapa kwenye mkia wa ubao, usinyanyuke. Mwingine akusaidie. Ubao utokeze mbele, mwepesi apite juu yake na ubao wa pili.”

Kijana akamtazama, kisha akakaa. Uzito wake ukaushikilia ubao, mwenzao mwembamba akatembea taratibu mpaka nchani, akaulaza ubao wa pili hadi kwenye jiwe. Njia ikapatikana. Dumu likavuka likiwa limefungwa kamba, watu wakafuata mmoja mmoja. Walikwama mwishoni, kwa sababu hawakuwa wamefikiria waliokalia mkia watavukaje wenyewe. Dakika zikaisha wawili wakiwa bado upande wa huku.

Ningekuwa msaili, ningeweka alama kwa watu wawili: binti aliyeiona njia akahakikisha inasikika, na kijana aliyekubali kukaa. Kuacha amri yako mwenyewe mbele ya watu, ukafuata ya mwenzako kwa sababu ni bora, ni jambo zito kwa kijana wa miaka 22. Na yupo wa tatu ambaye ningempa alama ndogo: aliyesimama kimya mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Huyo aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaonyesha nidhamu. Nidhamu ya afisa haikai bure wakati wenzake wamekwama.

Mtu asidhani haya ni michezo ya watoto. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera, ng’ambo ya ziwa letu hili la Victoria. Wanajeshi wa Tanzania walilazimika kutafuta namna ya kuuvuka mto ule kwanza ndipo wasonge mbele, safari iliyofika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Luteni usu anayefika kwenye mto usio na daraja hawezi kuwa anajua kila kitu. Mara nyingi anayejua kufunga, kupima au kuogelea yumo miongoni mwa askari wake. Kazi ya afisa ni kumtambua mapema, kumpa nafasi, na kubeba lawama ikishindikana.

Sisi wa kando ya ziwa tumeliona hilo kwa macho. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao, kijana Majaliwa Jackson akiwa miongoni mwao, wakasaidia kuokoa watu. Watu 19 walipoteza maisha na 24 wakanusurika. Serikali ilimpa Majaliwa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Ila mlango ukishafunguka, anayetoka anahitaji mkono wa kumvuta na mtumbwi wa kumpokea. Mikono hiyo ilikuwapo kwa sababu watu wa mwaloni wamezoea kufanya kazi pamoja tangu utoto.

Basi kijana ajiandae vipi? Kwanza, aache kufanya mazoezi peke yake. Watafutane wanane, na kila wiki wachanganywe na wa mtaa mwingine, kwa sababu kwenye usaili hutapangwa na rafiki zako. Wakipewa kazi, dakika mbili za mwanzo wasiguse kifaa, waulizane kwanza: masharti ni yapi, tuna nini, nani amewahi kufanya kazi kama hii. Maneno yawe machache na yamtaje mtu: “Juma, shika huku,” si “jamani shikeni.” Kwenye mjadala, mwenzako akitoa hoja nzuri, ijengee badala ya kuizika, na ukimwona aliyenyamaza, muulize anaonaje. Zamu yako ya kuamuru ikifika, eleza lengo, gawa kazi, pokea ushauri, kisha amua. Zamu ya mwenzako ikifika, fanya kazi yake kwa bidii ileile uliyotaka ufanyiwe wewe. Na ukigusa mstari bila mtu kuona, sema umeugusa. Kikundi kitarudi mwanzo, lakini wasaili watajua wanaweza kukukabidhi silaha na roho za watu.

Waliopitia JKT wana mtaji wanaousahau. Kijana aliyekaa Rwamkoma au Bulombora amelima, amebeba kuni na amejenga akiwa na platuni yake. Fatiki zile ndizo kazi za kikundi zenyewe. Tuliokwenda kwa mujibu wa sheria kabla utaratibu haujasitishwa mwaka 1994, tunajua jinsi mvivu na mjuaji walivyokuwa wakijulikana ndani ya wiki moja. Utaratibu uliporudishwa mwaka 2013 nilifurahi kwa sababu hiyo. Kijana akae chini ajiulize: katika fatiki zile nilikuwa nani? Jibu hilo lina thamani kuliko orodha ya majibu ya kukariri.

Na mambo haya hatukuyaagiza Uingereza. Wasukuma walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji aliyechaguliwa na vijana wenyewe kusimamia kilimo na kazi nyingine za pamoja. Walimchagua waliyemwona akifanya kazi nao shambani. Hakuna aliyepata cheo hicho kwa kujisifu.

Wapo wanaoniambia kwamba kuwafundisha vijana haya ni kuwafundisha kuigiza. Kuigiza kunawezekana siku ya kwanza. Siku ya tatu, mtu akiwa amelowa, ana njaa na amechoka, tabia yake halisi inatoka, na ndiyo maana bodi za usaili huwaweka watu pamoja kwa siku kadhaa. Anayejizoeza kuwasikiliza wenzake mwaka mzima haigizi tena, amebadilika.

Ninachokiogopa zaidi ni njia ya mkato. Kila tangazo likitoka, matapeli nao wanatoka, wakiahidi nafasi kwa fedha, na jeshi limetoa tahadhari mara kwa mara kwamba nafasi zake haziuzwi. Bado kuna wazazi wanaouza ng’ombe wampe mtu wa kwenye simu. Mzazi mwenzangu, fedha hiyo haitamfundisha mwanao kukaa kwenye mkia wa ubao.

Shule nazo zina deni. Tunawapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, tunateua viranja haohao miaka yote, halafu tunashangaa mhitimu hawezi kufanya kazi na watu saba. Naomba wakuu wa shule za Butimba, Nyegezi na Mkolani watenge Jumamosi moja kila mwezi kwa mazoezi ya vikundi, uongozi uwe wa zamu, na wasichana wapewe amri sawa na wavulana. Chuo cha Ualimu Butimba kimewaandaa walimu wengi wa michezo na sanaa. Wanachuo wake wasimamie mazoezi hayo kama sehemu ya kujifunza kazi. Askari wastaafu wa mitaa yetu waalikwe kutazama na kusahihisha. Gharama ni mbao, kamba na maji.

Wengi wa vijana hao hawatachaguliwa, kwa sababu nafasi ni chache. Watarudi kwenye boti, bodaboda, vikoba na ofisi, na kote huko watakuta watu waliokwama wakigombana nani aamuru. Mtaa wenye vijana waliozoea kupanga kazi, kusikilizana na kukiri kosa utafaidika hata kama hakuna hata mmoja aliyevaa nyota. Wakuu wa shule waanze muhula huu, wasisubiri tangazo jingine.