Fildi ya maji isiwe ya wenye ndugu pwani tu

Nipo nyumbani Makanyagio, Mpanda, wiki ya tatu sasa. Fildi inaanza wiki mbili zijazo na kuna watu wa darasa letu mpaka leo wanazunguka na bahasha za kaki wakiomba nafasi. Sisi wa sayansi za maji ndoto yetu ni moja: Zanzibar, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, uzamie kwenye matumbawe, upime mwani, urudi chuo ngozi imeungua na chumvi. Nani asiyetaka? Taasisi ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1978, na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, nacho kina makao yake hukohuko Unguja.

Lakini tuambizane ukweli. Fildi isiyo na posho inachagua watu kabla supavaiza hajafungua barua hata moja. Wiki 8 Unguja maana yake chumba, chakula, nauli ya treni na boti. Mwenye mjomba Mwanakwerekwe anakwenda. Mtoto wa Mpanda, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, anahesabu bumu la fildi, anaona linaishia kwenye kodi ya chumba, basi anatafuta ofisi yoyote iliyo karibu na nyumbani. Mwaka jana mimi nilipata moja, jina kapuni. Nikapanga mafaili, nikapeleka barua, nikajua bosi anapenda chai ya rangi na vitumbua viwili. Logibuku ikajaa, muhuri ukagongwa. Samaki niliyemwona wiki nane zote ni yule wa mama ntilie saa saba mchana.

Sasa kinachoniuma ni hiki: kutoka hapa Makanyagio mpaka Karema, ziwani, ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Ikola nayo ipo hukohuko. Migebuka na dagaa tunaokula Mpanda wanatoka huko. Halafu mwanafunzi wa samaki anapanga mafaili!

Najua kuna atakayesema ziwa si bahari. Sawa, lakini Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kuna Mwingereza mmoja, John Moore, aliyekuja miaka ya 1890 akaona makonokono yake na akadai ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari. Alikosea, makonokono yale yalijibadilishia humuhumu ziwani kwa mamilioni ya miaka. Lakini msimcheke sana. Ziwani kwetu kuna hata konyeza, yule kiumbe mlaini kama utelezi ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwasha. Wa kwetu ni mdogo kama sarafu. Wangapi darasani wanajua hilo? Mimi mwenyewe sikufundishwa, nimelisoma.

Na likizo yetu ndefu, kama vile imepangwa na mtu anayelijua ziwa, inaangukia miezi yenyewe hasa. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unavuma, maji ya juu yanapoa na kusukumwa, na virutubisho vilivyozama vinapata njia ya kupanda. Vikipanda, vimelea vya kijani vinastawi, wadudu wadogo wa majini wanakula, dagaa wanakula wadudu, migebuka wanakula dagaa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, upepo umepungua na maji hayachanganyiki kama zamani. Walikadiria uzalishaji wa vimelea umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Asilimia 30! Hiyo ni ada ya mtoto wa mtu Ikola.

Halafu kuna suala la kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Watu waliumia, msidanganywe, hapa sokoni tulijua hali kwa bei ya dagaa tu. Na swali la mvuvi ni la haki kabisa: je, imesaidia? Jibu lake halihitaji profesa kushuka na helikopta. Linahitaji mtu akae mwaloni na rula na mizani, apime samaki kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa, aandike kila siku, mwaka hadi mwaka. Katika mwaka kama ule, mwanafunzi anayefika Karema mwisho wa Julai na kuondoka katikati ya Septemba anaukuta mwalo umefungwa na anaushuhudia ukifunguliwa. Kuna fildi bora kuliko hiyo?

Tena siongei ndoto. Mwaka 1998 ulianza Mradi wa Nyanza pale Kigoma, ukiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, na ukaendelea hadi miaka ya 2000. Kila katikati ya mwaka wanafunzi wa Marekani na wenzao wa nchi zinazozunguka ziwa walikuwa wanakaa wiki kadhaa wakichimba matope ya chini ya ziwa, wakihesabu makonokono, wakipima maji, na mwisho wanaandika ripoti ya utafiti wao. Cohen huyo yumo pia kwenye lile andiko la 2003. Fedha nyingi zilitoka NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, kwenye mpango wao wa utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, na mwanafunzi wa mpango huo hulipwa posho. Ila kwa kanuni, posho ile ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Siwalaumu, hela ni yao. Nauliza ya kwetu iko wapi. Mtu wa Arizona alilipwa kuja kulisoma ziwa langu, mimi nalipa nauli kwenda kupanga mafaili!

Nimemweleza mwalimu mmoja akaniambia utafiti ni wa mastazi, fildi ni ya kuzoea kazi. Kwa heshima zote, mwalimu, kazi gani? Kazi ya mtu wa samaki ni kupima samaki. Hoja yake ya pili ilikuwa na uzito zaidi: upepo huohuo ninaousifu unazamisha mitumbwi, na chuo hakitaki kuletewa maiti. Hilo nakubali. Basi tuanzie nchi kavu, mwaloni, kila mtu na swali lake moja, na anayepanda boti apande na wataalamu wa TAFIRI kutoka Kigoma akiwa na jaketi okozi. Posho iwe ya chumba na ugali tu, hakuna anayeomba gari.

Barua yangu ya kuomba kubadilishiwa kituo nimeituma idarani juzi. Nimeomba Karema, wiki 8, swali langu ni urefu wa migebuka wanaoshushwa mwaloni. Chumba nimeshaulizia, wavuvi wana bei nzuri kuliko Unguja. Rula ninayo, mizani naazima. Kama kuna mwingine wa huku Katavi ambaye hajapata nafasi, anitafute mapema tugawane kodi na jiko.