Madaktari wa nusukaputi wavutiwe na ICU



Wakazi wa Kinanie, si mbali na Barabara ya Mombasa, wanajua kwamba kumtoa majeruhi barabarani si mwisho wa hatari. Oktoba 2015 mwathiriwa mmoja wa ajali alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU (chumba cha wagonjwa mahututi). Alifariki.

Vitanda viliongezwa wakati wa korona, lakini mashine ya kupumulia haijiendeshi; inahitaji daktari bingwa.

Daktari anayesomea ubingwa wa nusukaputi ana njia mbili: chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa huamka na kazi ikaisha, au ICU yenye makesha na familia zinazopokea habari nzito. Akisita, ana haki. Hata hivyo, huduma ya ICU ilizaliwa katika fani yake: mwaka 1952, Copenhagen, daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen aliwaongoza wenzake kuokoa wagonjwa wa polio, huku wanafunzi wa udaktari wakiwapulizia hewa kwa mikono, zamu baada ya zamu.

Kaunti ziwape mabingwa wa wagonjwa mahututi ajira ya kudumu na zamu zinazobebeka, na wanagenzi wapelekwe mapema katika hospitali kama Machakos Level 5.

Msomaji,
Kinanie, Machakos