MAONI: Jaribio lisilofanyika lisihesabiwe kuwa limefaulu

GOMA – Vijana wa Goma wanaojifunza kutengeneza programu za simu na kompyuta wanapaswa kushika kanuni moja mapema: jaribio ambalo halikuweza kufanyika lisiandikwe kuwa limefaulu. Jambo hili linawahusu hata raia ambao hawajawahi kugusa kompyuta.

Mji huu unajua maana ya vipimo kunyamaza. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano, OVG, ulimalizika mwaka 2020. Intaneti ikakatika kwa miezi, na taarifa za vipimo vya mbali zikaacha kufika. Intaneti ilirudi mwezi wa nne 2021. Tarehe 22 Mei jioni Nyiragongo ikalipuka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haki isemwe: utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba dalili zilianza kama dakika 40 tu kabla ya mlipuko. Lakini katika miezi ile ya ukimya, hakuna aliyeweza kusema mlima umetulia. Kipimo kisichotuma kitu si habari njema.

Watengenezaji wa programu nao wana vyombo vya kupima kazi yao. JUnit, iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, ilitenganisha mambo mawili. Kushindwa ni pale jibu linapopatikana lakini si lile lililotarajiwa. Hitilafu ni pale kazi inapokatika kabla ya jibu kupatikana. Chombo cha lugha ya Python kiitwacho unittest huandika F kwa la kwanza na E kwa la pili.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ni bure, kwa kuwa yote ni mabaya. Sivyo. Chukua mfano wa mama aliyekimbia vita, amepanga mstari kungoja jetoni ya chakula. Mtandao unakatika, orodha haifunguki, na programu inaandika: "Jina halimo." Mama anarudi mikono mitupu, wala hakuna anayejua kwamba jina lake halikutafutwa.

Kwa hiyo chombo cha majaribio kisimeze hitilafu. Kitaje mahali ilipotokea na sababu yake, kisha kiendelee na majaribio yaliyobaki, ili kosa moja lisifiche mengine. Jaribio lililorukwa lihesabiwe peke yake. Tena mtengenezaji azime mtandao kwa makusudi na kuangalia: programu ikijibu "halimo" badala ya kukiri kwamba orodha haikufunguka, jaribio hilo limeshindwa.

Familia nazo zina haki ya kumuuliza aliye na kompyuta: jina halimo, ama orodha haikufunguka?